Ulinganisho: vitafunio vya kushinda dunguni kutwa nzima, msimu wa kulungu (Minnesota, Wisconsin, Iowa)

#1 Mvizia_Duluth

Wakuu, habari za jioni. Msimu wa bunduki Minnesota unafunguliwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Novemba, na kila mwaka mada za risasi na darubini zinajaa kurasa kumi huku chakula kikiachwa yatima. Safari hii tukijadili kwa vipimo.

Hesabu iko hivi. Katikati ya Novemba huku kaskazini jua linatoka kama saa 1 na dakika 10 asubuhi, linazama saa 10 na nusu na ushei. Sheria inaruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kutoka hadi nusu saa baada ya kuzama. Ukitaka uwe umeshatulia kabla ya mwanga, unapanda dunguni (jukwaa la kuvizia juu ya mti) saa 12 asubuhi na unashuka saa 11 na robo jioni. Jumla ni muda wa saa 11 na dakika zake, umekaa, baridi inacheza kati ya nyuzi 3 na -12 za Selsiasi. Kushuka mchana kwenda kula ni hasara, kwa sababu ni kipindi cha kupandana: dume anatembea saa 6 mchana kama kawaida, tena wenzako wanaoshuka kwenda kula ndio wanaomsukuma aje upande wako.

(Kwa wanaosoma kutoka nyumbani: kulungu hapa ni yule wa mkia mweupe wa Amerika, si kulungu wa Usambara.)

Kwa mtu mzima aliyekunywa chai nzito alfajiri, kalori 1,600 hadi 2,000 za mfukoni zinamfikisha jioni bila kutetemeka. Wagombea:

A. Karanga, korosho na kashata
B. Nyama kavu
C. Mandazi, mahamri, chapati
D. Zile baa za dukani (za kutafuna, si za kunywea)
E. Vya kwenye chupa ya chai: chai, uji, supu

Vigezo vyangu: kiwe kimya, kiliwe kwa mkono mmoja bila kuvua glavu ya kushoto, kisigande, kisiache mafuta vidoleni. Harufu naiweka mwisho, najua hapo tutagombana. Mimi naipa A, kisha B. C ndiyo naipenda kuliko zote lakini ikifika saa 4 inakuwa gome la mti. Mnasemaje?

#2 MamaKashata_StPaul

Kaka Mvizia, A umeitaja kama kitu kimoja na si kimoja. Karanga tupu ni sawa. Kashata ya kawaida, ile ya sukari iliyoungua hadi hudhurungi, dunguni ni balaa. Sukari ikifika nyuzi 150 inapoa kuwa kioo, na kwenye baridi inazidi kuwa kioo: ukiuma inalia KRAK, na jino linaweza kwenda nayo.

Tengenezeni kashata laini. Gramu 200 za sukari, nusu kikombe cha maji, moto wa wastani, kipimajoto ndani ya sufuria. Ikifika nyuzi 115 zima. Usiyekuwa na kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likijikusanya kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza, tayari. Tia gramu 200 za nazi iliyokunwa na kukaushwa kidogo, iliki robo kijiko cha chai, chembe ya chumvi. Koroga hadi ianze kuvuta na kupauka, mimina, kata vipande vya sentimita 3 ikiwa bado vuguvugu. Ukichelewa kukata itamomonyoka, na makombo ndiyo adui wa darubini.

Bora zaidi ya hiyo ni tende. Gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, gramu 150 za karanga za kukaanga zisizo na chumvi zilizopondwapondwa, vijiko viwili vya siagi ya karanga. Kanda kwa mkono, bapa unene wa sentimita moja na nusu, kata, viringisha kwenye ufuta visigandane. Hazigandi kwa sababu tende ina sukari nyingi na maji machache, barafu haipati pa kushika. Kwenye -10 inakuwa ngumu kama ngozi lakini inatafunika. Kila kipande ni tonge moja, kinaingia mdomoni kizima, hamna kung'ata na kurudisha.

Na karanga ziwe hazina chumvi. Chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, na maji mnajua yanaleta nini ukiwa mita 5 juu na mkanda wa usalama umefungwa.

#3 Mzee_wa_EauClaire

Mnajadili chakula na mmesahau karatasi zake. Wengi wanaokosa kulungu kwa sababu ya chakula wamekoseshwa na kifungashio.

Sikio la binadamu linaishia kilohezi 20 (kipimo cha wembamba wa sauti), na kwa mtu wa umri wangu chini ya hapo. Kulungu anafika 30. Ule mchakacho mwembamba wa plastiki ya baa au mfuko wa kaukau uko palepale anaposikia vizuri. Wewe unasikia "chk", yeye anasikia tangazo.

Jioni kabla ya kwenda, kwenye meza ya jikoni: fungua kila kitu. Baa zote, peremende zote, jibini zote. Kata vipande vya tonge moja. Tia kwenye vifuko vya kitambaa laini vyenye kamba ya kuvuta, vile vinavyouziwa miwani vinafaa sana, au shona kwa kipande cha flisi. Usitumie vifuko vya zipu ya plastiki visivyofunikwa. Kama lazima uvitumie kwa ajili ya nyama, weka kifuko ndani ya soksi na ukiache wazi kuanzia nyumbani. Foili usiilete kabisa. Inalia, inang'aa.

Jingine ambalo vijana hawaambiwi: msilete leso nyeupe, karatasi nyeupe za kujifutia, wala kufunga chapati kwa taulo nyeupe ya jikoni. Kulungu akishtuka anainua mkia na weupe unapepea. Mwindaji mwingine akiona cheupe kinapepea kwenye kichaka, wewe ndiye kulungu. Vaa rangi ya chungwa inayong'aa, na kila unachokitoa mfukoni kiwe cha kahawia au kijani.

#4 Pembe8

Mzee wa Eau Claire shikamoo. Hilo la leso nyeupe libandikwe juu ya mada.

Kuhusu D: zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Zile za shayiri zilizoshikwa kwa sharubati zinavumilia baridi mpaka kama -5. Zile za protini zenye ganda la chokoleti zinakuwa tofali, na chokoleti inapasuka na kumwagika kifuani. Ukizipenda, zikate robo na uzivae: mfuko wa ndani wa shati, chini ya koti, si mfuko wa koti la nje. Nusu saa karibu na mwili zinalainika.

Kwa bei, D inashindwa. Baa mbili zinanunua kilo nzima ya karanga mbichi kwenye maduka ya Wahindi au Waafrika.

#5 Chumvi_Kidogo

Nije kwenye B maana naona imetajwa kwa heshima tu.

Nyama kavu: gramu 60 zinakupa kalori kama 250 na protini ya kutosha kukuondolea ile njaa ya saa 8 ambayo sukari haiiondoi. Nyepesi, haigandi, haina makombo. Ya dukani ina chumvi kupita kiasi, na Mama Kashata ameshasema chumvi inaishia wapi. Tengeneza nyumbani. Ila hapa watu wanakosea, na kosa lake ni la hospitali.

Chukua kilo 1 ya nyama ya paja isiyo na mafuta. Mafuta yote yaondoke kwa kisu, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Iweke kwenye friza saa moja hadi moja na nusu ishikane, ndipo ukate vipande vyembamba, milimita 5 au 6, visizidi. Kukata sambamba na nyuzi kunatoa nyama ya kuvuta kwa meno. Kukata kukatisha nyuzi kunatoa inayokatika mdomoni. Kwa dunguni kata kukatisha. Hutaki kunyongana na kipande huku dume anapita.

Kiungo: vijiko vikubwa 4 vya sosi ya soya yenye chumvi pungufu, kijiko cha tangawizi iliyosagwa, vitunguu saumu 2, pilipili manga, ndimu moja. Lala nayo kwenye friji, si juu ya meza.

Sasa lile kosa. Kikaushio cha umeme kinafanya kazi kwenye nyuzi 55 hadi 60. Joto hilo linakausha kabla halijaua wadudu, na bakteria aliyekaushwa taratibu anavumilia joto kuliko aliye kwenye nyama mbichi. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ifike kwanza nyuzi 71 (160 za Farenhaiti kwenye vipimajoto vya hapa) ndipo iingie kikaushioni. Kuku na bata mzinga 74. Panga vipande kwenye trei, oveni nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 8 hadi 10, pima kile kinene zaidi. Kisha kausha saa 4 hadi 6. Mwaka 1995 kule Oregon watu waliugua kwa bakteria wa E. koli kutokana na nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani, kwa hiyo si vitisho.

Iko tayari ukikunja kipande kilichopoa kikipasuka juu bila kukatika. Kikikatika umekikausha kupita kiasi, kikijikunja bila kupasuka bado kina maji. Kilo 1 inabaki robo kilo au zaidi kidogo, usishangae.

#6 Salim_Rochester

Assalaam aleykum wote. Swali kwa Chumvi_Kidogo: kwa sisi wa halali, vile vijiti vya nyama vya dukani vilivyoandikwa "ng'ombe tupu" vinafaa?

#7 Chumvi_Kidogo

Waaleykum salaam, ndugu Salim. Soma ganda lake. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe na ganda likawa la kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya mnyama) ambayo haikuelezwa ni ya ng'ombe au nguruwe. Jelatini kwenye peremende laini na baadhi ya baa ina swali hilohilo. Na "ng'ombe tupu" haikuambii amechinjwaje. Nunua paja kwa mchinjaji wa halali na ukaushe mwenyewe, ndiyo njia ya kulala usingizi. Au bakia kwenye tende, karanga na mayai.

#8 Kivu_DesMoines

Jambo ndugu zangu. Sisi Iowa msimu wa shotgani ni Desemba, baridi yetu haina mzaha, kwa hiyo sikilizeni.

Hamjataja kwanga. Muhogo uliochachushwa, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Haina makombo, haina mafuta, inakaa siku kadhaa bila friji. Majani yake hata yakikauka yanatoa sauti ya majani, na msituni hakuna kulungu anayeshtuka kwa sauti ya majani, hapo Mzee hatagomba. Kasoro yake ni kwamba wanga wake unakazana ukipoa. Ipashe moto kwa mvuke asubuhi, dakika 15, ikate vipande vya vidole viwili, uifunge tena na uivae kiunoni chini ya tabaka la pili. Mpaka saa 5 bado inakunjika. Ikipita hapo ni mpira.

Tena usiile peke yake, ni wanga mtupu, njaa inarudi upesi. Kipande cha kwanga, kipande cha nyama kavu.

Ila harufu ipo. Siwezi kudanganya.

#9 Mzee_wa_EauClaire

Kivu, sitagomba juu ya majani. Juu ya kumeza kwanga bila maji ndiyo tutaongea.

#10 Fundi_wa_Unga

Mvizia amesema C inakuwa gome ifikapo saa 4. Si kosa la unga, ni mafuta na baridi, na linatengenezeka.

Kwanza mahamri. Ladha yake inatoka kwenye tui, na mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24. Kwenye nyuzi 0 hamri zima limekuwa mshumaa. Hamri la dunguni likandwe kwa maziwa ya kawaida au maji, iliki iongezwe kufidia. Mpenda tui ale nyumbani.

Pili, wanga uliopikwa unachakaa haraka zaidi kwenye baridi ya friji, karibu na nyuzi 0 hadi 5, kuliko mezani. Kwa hiyo mandazi usiyaweke kwenye friji usiku wa kuamkia. Yakaange jioni, yapoe kabisa juu ya waya (ukiyafunika yangali na moto yanatokwa jasho na kulowana, na maji hayo ndiyo yanayoganda), kisha yafunge kwenye kitambaa kikavu joto la chumba.

Mshindi wa C ni chapati, na sijui kwa nini watu wanabisha. Ikandwe kwa mafuta ya alizeti, si samli. Samli inaganda kama tui, alizeti inabaki maji hata kwenye baridi ya Duluth. Kwa chapati 6: unga gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300 hivi, mafuta vijiko vikubwa 4 ndani ya unga na mengine ya kukunjia, chumvi kijiko kimoja cha chai. Kanda dakika 10, ilaze nusu saa. Ichome iive lakini isikauke, madoa machache ya kahawia yatosha.

Ipakae siagi ya karanga na asali. Siagi mpaka pembeni, asali katikati tu. Ukifikisha asali pembeni itakutoka vidoleni, na asali kwenye kifyatulio haifutiki kwa glavu. Ikunje iwe ngumu kama sigara, ikate vipande vinne, chomeka kila kimoja kijiti cha meno kwa usiku huo ishike umbo, asubuhi vitoe. HESABU VIJITI. Chapati moja ya namna hiyo inapita kalori 500.

Yai la kuchemsha ndani ya chapati ni zuri kwa Oktoba. Likiganda, ute wake mweupe unakuwa mpira unaotoa maji.

#11 Pembe8

"Hesabu vijiti" 😂 Fundi hapo kuna mtu alimeza.

#12 Nyasi_Kavu

Niingie E maana naona mnaikwepa.

Thamosi ya lita 1, si ya nusu. Chupa kubwa iliyojaa inashika joto kuliko ndogo, na iliyojaa inashika kuliko iliyo nusu, kwa hiyo ijaze hadi shingoni. Kabla ya kujaza, imwagie maji yanayochemka, funga, iache dakika 10, mwaga, ndipo utie chai. Ukitia chai kwenye chuma cha baridi umeshapoteza nyuzi 10 kabla hujatoka nyumbani.

Chai iwe ya rangi, tangawizi na sukari. Chai ya maziwa kwa saa 11 hapana. Ikishuka chini ya nyuzi 60 maziwa yanaanza kuwalea bakteria, na kwenye thamosi ya kawaida inashuka kabla ya adhuhuri huku ikibaki vuguvugu kutwa. Ukiitaka sana, imalize asubuhi.

Uji ni chakula na kinywaji kwa pamoja, lakini unazidi kuwa mzito ukikaa. Kama nyumbani unatia gramu 80 za unga wa ulezi kwa lita, tia 50. Na chupa iwe ya mdomo mpana, la sivyo utaupiga matako kama chupa ya tomato, na sauti hiyo inafika Wisconsin. Supu ya mifupa ni bora kwa roho, ila ichujwe mafuta: kikombe kikipoa mafuta yanashika mdomoni kama nta.

Sauti za thamosi ni tatu. Chuma kugonga ngazi: ivalishe soksi ya sufu. Mfuniko kulia ukifunguliwa: paka raba yake tone la mafuta ya kula. Kikombe kugonga chupa: tia kitambaa katikati. Mvuke nao upulizie pembeni. Ukinywa juu ya bunduki, kioo cha darubini kinaingia ukungu na kikiganda hapo umekwisha.

Maji ya kunywa, chupa iwekwe kichwa chini. Barafu inaanzia juu, kwa hiyo itaanzia kwenye kitako, na mfuniko utabaki wazi. Lita moja kwa kutwa yatosha pamoja na chai. Kunywa kidogokidogo, mafunda mawili matatu kila nusu saa. Ukinywa kikombe kizima utakojoa ndani ya saa moja.

Pombe ya kupasha mwili: inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka. Unajisikia moto, unapoa. Na una bunduki.

#13 Salim_Rochester

Sasa harufu. Ndugu Mvizia aliiweka mwisho makusudi. Chungwa, ndizi, vitunguu saumu vya Chumvi_Kidogo, kwanga ya Kivu. Kulungu hanusi?

#14 Mvizia_Duluth

Ananusa vyote, ndugu Salim, na kabla ya vyote anakunusa wewe. Pumzi, nywele, buti. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, mandazi hayaongezi kesi. Ukitoka kwake kuja kwako, unaweza kula pilau. Ndiyo maana naiweka mwisho.

#15 Mzee_wa_EauClaire

Hapo nakubali nusu. Upepo haukai upande mmoja kutwa. Asubuhi baridi inateremka bondeni, jua likipanda hewa inapanda nayo, na kati ya saa 3 na saa 5 inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Harufu yako yeye huipata hafifu kila siku, maana watu wanapita msituni. Ganda la chungwa linatoa mafuta yanayoruka mbali na kubaki kwenye glavu mpaka kesho. Kwa nini uongeze? Chungwa limenywe nyumbani na maganda yabaki huko.

Kitunguu kwenye nyama kavu hakinisumbui, kimeshakaukia ndani.

#16 Kivu_DesMoines

Kwa hiyo kwanga imepita?

#17 Mzee_wa_EauClaire

Imepita kama utaila mchana. Saa mbili za kwanza na saa mbili za mwisho watu wasile chochote zaidi ya tonge la tende. Ndio muda wa kutazama.

#18 Askari_Mstaafu_wa_Porini

Jambo moja la kisheria ambalo chakula kinaweza kukuponza. Minnesota hairuhusu kuwinda kulungu kwa chambo: nafaka, matunda, mboga, karanga au chakula chochote kilichopelekwa na kuwekwa kumvutia. Wisconsin inategemea kaunti. Nyingi zimekataza kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ambao jimbo hilo liligundua kwa kulungu wa porini mwaka 2002, na mate kwenye chakula cha pamoja ni njia mojawapo ya kuueneza.

Sasa mtu anakaa dunguni kutwa, anatupa kokwa la tofaa hapa, maganda ya karanga pale, punje za mahindi ya kuchoma kule. Hakukusudia. Lakini askari wa wanyamapori akija akakuta dungu limezungukwa na tofaa na karanga, utaanza kueleza, na maelezo ya siku ya kwanza ya msimu huwa hayapendezi. Kila kilichopanda na wewe kishuke na wewe, kokwa na ganda. Karanga zimenyeke nyumbani, tofaa likatwe na kutolewa moyo nyumbani.

Chakula kisilale dunguni. Kuchakulo atautoboa mfuko kwa ajili ya korosho tatu, na kaskazini kuna dubu.

Mwisho, mkoba haupandi ngazi na wewe. Panda mikono mitupu, mkanda wa usalama ukiwa umeshika, ndipo uvute mkoba kwa kamba. Bunduki nayo kwa kamba, tupu, mdomo ukitazama chini.

#19 Nesi_Fargo

Mwenye kisukari anayetumia insulini: insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka baadaye. Ikae kwenye mfuko wa ndani, kamwe isiwe kwenye mkoba. Kipimo cha damu vilevile, betri na vijiti vyake vinasumbua kwenye baridi. Weka gramu 15 za sukari ya haraka mfuko wa kifua wa kushoto, isiyohitaji kufunguliwa. Tembe 4 za glukosi kwa kawaida zinafika hapo. Tende haitoshi kwa dharura, inatafunwa polepole. Kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa sukari kushuka kunafanana, kwa hiyo usibahatishe, pima.

Kwa wote: baada ya kumpasua kulungu msile na mikono hiyo. Vitambaa vyenye unyevu visivyo na manukato, pakiti moja, na glavu za mpira jozi mbili. Hata kabla hujapata mnyama, mikono iliyopakia risasi inaweza kuwa na mabaki ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda tonge la kumwagia mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye kifuko.

#20 Mshale_Septemba

Msitusahau wa upinde. Sisi tunaanza katikati ya Septemba, mchana unaweza kufika nyuzi 25 na mbu wapo. Orodha yenu inageuka kichwa chini: chokoleti inayeyuka, chapati ya yai inaharibika baada ya saa mbili, kashata ya nazi inatoa mafuta. Karanga, nyama kavu na tofaa lililokatwa ndiyo basi, na maji lita 2.

#21 Mvizia_Duluth

Shukrani wakuu. Nimepanga hivi kwa Jumamosi, semeni kama kuna kilichopinda: karanga gramu 100, vipande 8 vya tende za Mama Kashata, nyama kavu gramu 60, chapati moja na nusu ya Fundi, chai ya rangi lita 1, maji nusu lita. Kwa hesabu yangu ni kalori 2,000 hivi, na chakula kikavu ni kama nusu kilo. D nimeiacha dukani.

Swali lililobaki: mifuko. Nini kikae wapi ili nisipapase?

#22 Mzee_wa_EauClaire

Kama unafyatua kwa kulia, chakula chote kikae kushoto. Tende kwenye mfuko wa kifua wa nje, ndizo utakazozitafuta gizani. Karanga na nyama mfuko wa tumbo wa kushoto, kifuko kimoja, zimechanganywa, usihitaji kuchagua. Chapati ndani ya shati. Thamosi kwenye ndoano ya mti usawa wa goti la kushoto, mfuniko ukitazama kwako.

Mfuko wa kulia ubaki mtupu kwa glavu utakayoivua.

#23 Fundi_wa_Unga

Na chapati uipindue saa 4 na saa 7, upande uliogusa shati uende nje. La sivyo nusu yake italainika na nusu itaganda.